Reli Isiyofika Kapolowe

Alhamisi. Joto tangu asubuhi, na mvua ya kwanza bado inakataa kuanguka. Vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu: maua ya jakaranda, kola ya sare yangu, kioo cha kompyuta. Nimekifuta kioo kwa kitambaa, nimeketi kuandika.

Leo nimecheza.

Najua neno hilo ni dogo. Watoto wa kambi yetu hucheza kila siku na hakuna anayekwenda kuandika. Lakini mimi sijacheza tangu kaka yangu Trésor alipofariki, msimu wa mvua uliopita. Na hata hivyo, karibu kila siku nimekaa mbele ya kompyuta yake, mchezo ukiwa wazi mbele yangu.

Nieleze vizuri, maana wapo wanaosoma blogu hii bila kutujua.

Tunakaa Panda, hapa Likasi, katika kambi ya zile nyumba za matofali walizojengewa zamani wafanyakazi wa shaba. Zote zina sura moja. Watu husema mlevi wa Panda halaumiwi akiingia kulala kwa jirani. Baba anafanya kazi kiwandani kwa zamu, Mama anashona nguo za watu barazani, mimi nasoma sekondari, na mdogo wangu Gracia ndiyo kwanza ameanza kusoma maneno marefu. Trésor alikuwa mkubwa wetu. Alisomea umeme. Kompyuta hii aliipata ikiwa mbovu, akaifufua kipande kwa kipande, na ndani yake akatia mchezo wa treni.

Mchezo wenyewe ulikuja na reli za nchi za wengine, zenye theluji na milima. Tuliziendesha mpaka tukazichoka. Ndipo Trésor akaniambia kwamba mtu anaweza kutengeneza reli yake mwenyewe na kuiingiza ndani ya mchezo: vituo vyake, miti yake, abiria wake. Wachezaji huita kitu hicho modi. Akasema tutengeneze reli ya kwetu, kutoka Likasi mpaka Kapolowe, kijiji cha nkambo wetu, bibi yetu mzaa mama.

Siku zile mimi nilipenda kucheza tu. Kujenga kulinichosha. Kuweka mti, kuusogeza, kuweka mwingine! Trésor ndiye aliyeweka sheria: siku moja kujenga, siku moja kucheza. Nilipolalamika alinijibu, "Njo kama pumuzi, Clarisse. Unavuta, unatosha. Muntu mwenye kuvuta tu bila kutosha atapasuka, na minye sitaki kufagia." Kwetu njo ni ndiyo, minye ni mimi, na kutosha ni kutoa.

Tukagawana kazi. Yeye alianza upande wa Kapolowe, mimi upande wa Likasi, na tulipatana tukutane katikati, kwenye daraja la Lufira. Tukakubaliana pia kwamba hakuna kuchungulia upande wa mwenzako. Kila mmoja angeuona upande wa mwenzake akiwa ndani ya treni, siku ya safari ya kwanza.

Kituo cha kwanza baada ya Likasi nilikiweka Panda, karibu na kwetu. Kwenye reli ya kweli hakuna kituo hapo. Trésor ndiye aliyeniomba nikiweke, kwa sababu, alisema, kwenda mpaka gare, yaani stesheni ya mjini, ni mbali na yeye ni mtu wa heshima.

Kisha siku moja aliniita nione. Alikuwa ametengeneza abiria mwenye shati la njano kama lake, kofia iliyogeuzwa nyuma, na bega moja chini kidogo, vile alivyozoea kusimama. Kwa ruhusa yangu akamsimamisha kituoni Panda. Katika mchezo huu kila abiria lazima apewe mahali anapokwenda. Huyu alimpa Kapolowe.

"Njo minye huyu," akasema. "Minangoja treni yako. Ukichelewa nitaota mizizi."

Wiki iliyofuata tuliugua homa wote wawili.

Mimi nilipona.

Wakati wanamsafirisha kwenda Kapolowe kumzika kando ya babu, mimi nilikuwa kitandani, sijui mchana wala usiku. Nakumbuka sauti za kina mama wakiimba kilio, na nilidhani ni za ndotoni. Nilipoweza kuamka, kitanda chake kilikuwa kimeondolewa chumbani na sakafu imeoshwa. Sikumsindikiza. Wenzangu wote walimsindikiza, hata Gracia, na mimi sikumsindikiza.

Kwetu, vitu vya marehemu havigawiwi mara moja. Hufungiwa mpaka siku ya kuondoa kilio, siku ambayo mama huvua nguo nyeusi, ndugu wanakusanyika, na kila kitu kinapewa mtu wake mpya. Tangu siku hiyo marehemu haitwi tena kama mtu aliyechelewa kurudi. Anaachwa aende. Nguo za Trésor ziliingia kwenye sanduku. Kompyuta ilitakiwa kufungiwa pia, lakini Tonton Mwamba, kaka mkubwa wa Mama, ambaye ndiye mwenye kauli katika mambo haya, alisema mashine ikilala inaoza, kwa hiyo mtoto aitumie mpaka siku ifike.

Siku imefika. Ni Jumamosi hii. Tonton anaingia kesho, na kompyuta itakwenda Kapolowe, kwa binti yake Béa anayesoma shule ya misheni. Sina kinyongo na Béa. Yeye na Trésor walipendana sana.

Tangu nilipopata ruhusa ile, nimekuwa nikijenga. Nilianza na miti. Kila jakaranda ya barabara yetu nimeiweka mahali pake, na ile iliyokatwa tawi na upepo nimeikata tawi. Nimejenga nyumba za kambi safu kwa safu, bomba la maji, kamba za nguo, baiskeli za wauza makala, yaani mkaa, zimeegemea ukuta, bomba refu la moshi kule nyuma. Nikimaliza naona kasoro. Rangi ya mabati si hii. Vumbi halina wekundu wa kutosha. Narudia.

Na reli yenyewe niliifikisha darajani zamani. Upande ule mwingine, reli ya Trésor nayo imefika darajani. Kati ya reli hizo mbili pana nafasi ya kipande kimoja cha reli.

Kipande kimoja tu.

Sikukiweka. Nilijiambia bado sijawa tayari, kwanza nitengeneze ua wa kanisa, kwanza nipande majani kando ya mtaro. Shuleni rafiki yangu Nadège alinipa cheo cha mkuu wa kituo, akanicheka mbele ya wote, "Clarisse ni chef de gare bila treni! Anafagia gare kila siku, abiria banazeeka!" Nilicheka pamoja nao. Halafu nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka kengele ilipolia.

Maana sababu ya kweli naijua. Katika mchezo huu abiria akifika anakokwenda, anashuka, anatembea hatua chache juu ya jukwaa la kituo, kisha anatoweka. Mchezo haumhitaji tena. Ndivyo walivyoutengeneza. Ukijenga, abiria wanasimama vituoni na kungoja. Ukicheza, wanafika.

Nikijenga, Trésor yupo Panda. Nikicheza, anakwenda Kapolowe na hayupo tena.

Kwa hiyo nimevuta pumzi bila kuitoa karibu mwaka mzima.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Abiria wa mchezo huu hawasimami kama sanamu. Wanahamisha uzito mguu huu na ule, wanaangalia barabarani, na ukipita karibu nao wanageuza kichwa kukutazama. Wote hufanya hivyo, hata yule abiria mzee wa zile reli za mwanzo zenye theluji. Najua ni hesabu tu, na nimejifunza hesabu hizo kwa mikono yangu. Lakini kila nilipokuwa nikipanda jakaranda karibu na kituo cha Panda, shati la njano liligeuka. Nikiwa mtaa wa pili, linageuka. Nilianza kujenga mbali, nyuma ya kanisa, mahali asipoweza kuniona. Hata huko nilihisi ananiangalia mgongoni, bila hasira, kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu na anangoja mwenzake atafute vyake.

Leo nilipotoka shule nilipita njia ya nyuma. Nilipokunja kona ya nyumba yetu, nilimwona Trésor amesimama uani.

Nilisimama. Mkoba ulinianguka.

Lilikuwa shati. Mama alikuwa amefungua sanduku ili nguo zipate upepo kabla ya Jumamosi, na shati la njano lilikuwa peke yake mwisho wa kamba, limejaa upepo mpaka kifua kimetoka, bega moja chini kwa sababu kibanio kilikuwa kimelegea. Mama alikuwa barazani na mashine yake ya kushona. Aliniona nilivyosimama. Akanyanyuka, akakibana kibanio vizuri, mabega yakalingana, akarudi kuketi.

Niliingia ndani. Umeme ulikuwapo. Niliwasha kompyuta, na huko nako alikuwa amesimama, bega chini, akageuza kichwa.

Wawili mchana mmoja. Nilihisi baridi katika joto lote lile.

Gracia alikuja kunipumulia shingoni kama kawaida yake. Yeye hajui kunong'ona, na sisi wakubwa wake hutuita Yaya.

"Yaya Clarisse, Yaya Trésor anangoja nini pale kila siku?"

"Treni."

"Na treni iko wapi?"

"Bado naitengeneza."

Akafikiri. "Lakini weye njo uko na treni," akasema. "Iko pale. Minaiona."

Kweli, ilikuwa pale. Imesimama gare ya Likasi tangu mwaka jana, mabehewa yake ya buluu nimeyasafisha mara nyingi kuliko nilivyosafisha sahani za nyumbani.

Nilikwenda darajani. Nilichagua kipande cha reli, nikakigeuza kidogo, nikakiachia. Kiliingia mahali pake kama mtu anavyofunga kifungo. Kazi niliyosema itanichukua siku nyingi sana ilikuwa imekwisha kabla Gracia hajamaliza kuuliza ninafanya nini.

Nikabonyeza mahali pa kucheza.

Treni ilitoka Likasi taratibu. Nilisahau jinsi inavyokuwa vingine ukiwa ndani yake. Miti niliyoipanda mmoja mmoja, kwa siku tofauti, ilipita yote pamoja, na ilikuwa mizuri. Sikuwahi kuiona hivyo. Sikuwahi kujua kwamba kona ya kanisa ukitokea upande ule inafungua kambi nzima mara moja, na bomba la moshi likasimama katikati. Nilikuwa nimeijenga kwa ajili ya mtu anayepita, na hakuna aliyewahi kupita.

Nilifunga breki Panda. Milango ikafunguka.

Trésor hakuingia mara moja. Kwanza aliwaachia abiria wengine waingie. Ndivyo abiria wa mwisho katika foleni wanavyofanya, najua, lakini ndivyo alivyokuwa akifanya yeye pia. Kisha akapanda. Jukwaa likabaki tupu. Sikuwahi kuliona jukwaa hilo tupu.

"Anaingia!" Gracia akapiga kelele. "Mama! Yaya Trésor anapanda treni!"

Cherehani barazani ikanyamaza. Mama alikuja na uzi mdomoni, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia harufu ya kitambaa chake cheusi, harufu ya chuma moto na sabuni. Nilitaka kusimamisha kila kitu. Mkono wake ulinigusa begani, mwepesi, kama anavyogusa kitambaa kabla ya kukikata.

"Endesha," akasema.

Tukapita mashamba. Tukapita daraja la Lufira, juu ya kile kipande kimoja, na hakikutikisika. Baada ya daraja nilikuwa mgeni. Upande wa Trésor haukuwa na mapambo. Miti michache, nyasi, kichuguu kikubwa hapa na pale, mwanamke mmoja na jembe begani. Hakuwa amemaliza. Mahali pengine ardhi ilikuwa bado haina rangi, kijivu tu, na treni ilipita juu ya kijivu hicho bila sauti. Hapo nilishindwa kutazama vizuri.

Kisha kituo. Na kabla sijafunga breki, sauti.

"Kapolowe! Kapolowe! Bale ba Kapolowe, mushuke! Musisahabu mifuko na batoto yenu!"

Yeye. Sauti yake yenyewe, ikijifanya sauti ya mkuu wa kituo, nzito, na mwishoni ikivunjika kwa sababu nyuma yake kuna msichana anacheka.

Msichana huyo ni mimi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwepo aliporekodi, nimejilaza kitandani kwangu nacheka hovyo, na yeye ananionyesha ngumi ninyamaze. Nilisikia kicheko changu kikitoka ndani ya kompyuta, kicheko cha mtu ambaye hajapata kuogopa kitu, na sijui nilimlilia nani zaidi, yeye au yule msichana.

Mama alikuwa amefumba macho. Uzi ulikuwa bado mdomoni.

Trésor alishuka. Alitembea juu ya jukwaa, hatua chache, bega chini. Hakugeuza kichwa. Nilingoja ageuze. Akafika penye kivuli cha jengo la kituo, na akawa hayupo.

Gracia alinishika sare.

Halafu akasema, "Na ule ni nani?"

Jukwaani Kapolowe alikuwa amebaki mtu mmoja. Msichana, shati jeupe, sketi ya buluu, nywele zimesukwa kwa uzi na kusimamishwa kama antena, vile Mama alivyonisuka mwaka jana. Trésor alinifanya mrefu kuliko nilivyo. Nilisogea nikasoma juu ya kichwa chake mahali anapokwenda.

Likasi.

Trésor alijua sheria za mchezo huu kabla yangu. Alijua kwamba atakayefika Kapolowe atatoweka, na kwamba treni itarudi tupu. Alitengeneza wa kurudi nayo. Labda ilikuwa ni utani tu, mshangao alioniandalia kwa ajili ya safari ya kwanza, na mimi ndiye ninayeupa uzito. Sijui. Siwezi kumuuliza.

Kioo kikaniuliza kama nahifadhi safari. Hapo ndipo palipouma. Treni haiwezi kurudi mpaka safari ya kwanza ihifadhiwe. Nikikataa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa: nitafungua mchezo na shati la njano litakuwa Panda, linageuza kichwa. Nikikubali, Panda ni tupu kwa kweli, na yule msichana anaweza kupanda.

Kidole kilikaa juu ya kitufe. Nilimwambia Mama kila kitu, haraka, bila mpangilio. Nilidhani hataelewa. Alitoa uzi mdomoni.

"Trésor anafika?" akauliza.

"Amefika, Mama."

"Kwa nkambo wake?"

"Ndiyo."

Akakitazama kioo kwa muda. "Basi, ule mutoto asibakie pale peke yake," akasema. "Mulete ku nyumba."

Nilihifadhi.

Msichana wa shati jeupe alipanda. Nilimrudisha juu ya daraja, kupita mashamba, kupita Panda ambako hakuna aliyekuwa akingoja, na kona ya kanisa ikatufungulia kambi yote. Nilifika gare ya Likasi na kufunga breki vizuri, milango ikafunguka, na msichana akashuka.

Kimya. Hakuna sauti iliyotangaza kitu. Vituo vya upande wangu nilipaswa kuvirekodi mimi. Nimepaka rangi mabati mwaka mzima na sikuwahi kutia sauti hata moja.

Sasa jua linashuka nyuma ya bomba la moshi. Mama amerudi kwenye mashine yake na anashona gauni lake la Jumamosi, la rangi ya majani mabichi. Nguo zimeanuliwa. Shati la njano limekunjwa, liko juu kabisa ya zile nyingine, na mimi nimelishika mwenyewe kulikunja. Lilikuwa jepesi.

Bado naogopa kidogo. Nilipofungua mchezo tena kuhakikisha, nilikwenda Panda nikatazama jukwaa tupu, na nilingoja, kama mpumbavu, kichwa kigeuke. Labda nitangoja hivyo maisha yangu yote kila nikipita mahali pale. Sitajilaumu.

Lakini Jumamosi mashine inakwenda, na Béa atakuwa anaendesha treni hii huko, kijijini kwa kweli, akisikia kaka yangu akimwambia ashuke na mifuko yake. Siku atakapofika Likasi, asikute kimya. Kesho asubuhi, kabla ya Tonton kuingia na watu kujaa uani, nitamwomba Gracia ajilaze pale nyuma yangu acheke anavyotaka, na nitasema kwa sauti yangu yote: Likasi! Bale ba Likasi, mushuke!

Nitaweza kusema bila sauti kuvunjika?

Na ikivunjika, nitaiacha hivyohivyo.